Kapteni Joubert: Mlinzi wa Papa Aliyezikwa Kando ya Ziwa Tanganyika



Tunapozungumzia wamisionari wa kwanza waliofika magharibi mwa nchi yetu, kwa kawaida tunawataja maaskofu na mapadre. Ni haki yao kutajwa. Lakini katika misafara ile iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe walikuwemo pia walei, watu wasio na daraja wala nadhiri, ambao majina yao yamesahaulika kwa wengi wetu. Leo napenda tumfahamu mmoja wao, Kapteni Léopold Louis Joubert, Mfaransa aliyefariki mwaka 1927. Upande wa pili wa ziwa, kwa ndugu zetu wa Moba na Mpala katika Kongo, jina lake linafahamika vizuri. Huku kwetu Tabora alikuwa mpita njia tu, ila njia aliyoipita ndiyo hii hii tunayoiona kila siku, ya Kwihara, Itetemia na Kipalapala, yenye miembe ya zamani iliyoachwa na misafara.

Nimemchagua kwa sababu maisha yake yanatuuliza swali ambalo sisi tunaosoma falsafa hatuwezi kulikwepa: Kanisa linalindwa na nini? Joubert alianza ujana wake akilinda milki na majumba ya Papa kule Roma, akamaliza uzee wake katika kijiji cha nyumba za udongo. Kati ya mwanzo huo na mwisho huo alibeba bunduki kwa ajili ya Kanisa kwa miaka mingi. Je, alifanya vema? Tumfuate polepole, kisha tujibu.

Jumba la mapapa juu ya kilima

Ili kumwelewa kijana Joubert ni lazima kwanza tulielewe jumba moja. Roma ina vilima saba vinavyotajwa tangu kale, na kimojawapo kinaitwa Quirinale. Mwaka 1583 Papa Gregori XIII, yule yule aliyerekebisha kalenda tunayoitumia mpaka leo, alianza kujenga makao juu ya kilima hicho. Zilikuwa enzi za mwisho za Renesansi, yaani wakati ambapo sanaa na elimu za Wayunani na Warumi wa kale zilikuwa zimeamka upya katika Ulaya. Bonde la mto Tiber lilikuwa na joto na homa wakati wa kiangazi, na Papa alitaka mahali penye hewa nzuri. Wasanifu kama Ottaviano Mascherino, Domenico Fontana na Carlo Maderno walishiriki katika ujenzi ulioendelea chini ya mapapa wengi. Likatokea jumba kubwa lenye ua mpana, kanisa ndogo na bustani.

Kwa karibu karne tatu mapapa waliishi humo kwa vipindi. Makardinali walifanyia humo chaguzi nne za Papa katika karne ya 19: mwaka 1823, 1829, 1831 na 1846. Uchaguzi huo wa mwisho ndio uliompa Kanisa Papa Pio IX.

Lakini kuta nzuri hazikuwapa mapapa amani. Mwaka 1809 askari wa Napoleon waliingia Quirinale usiku wakamchukua Papa Pio VII mateka. Mwaka 1848 Pio IX mwenyewe alitoroka kutoka jumba hilo akiwa amevaa kama padre wa kawaida, kwa sababu mji ulikuwa umeasi. Aliporudi Roma mwaka 1850 akakaa zaidi Vatikani. Hata hivyo Quirinale iliendelea kuwa mali ya Papa, na pamoja nayo sehemu kubwa ya Italia ya kati, maana Papa wakati huo alikuwa pia mtawala wa dunia hii, mwenye mikoa, kodi na jeshi.

Kijana wa Saint-Herblon

Léopold Louis Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 katika kijiji cha Saint-Herblon, magharibi mwa Ufaransa, si mbali na mji wa Nantes. Eneo hilo lilikuwa la wakulima Wakatoliki wenye imani ngumu. Wazee wao waliteswa na kuuawa kwa maelfu katika Mapinduzi ya Ufaransa, na watoto walikua wakisikia habari hizo nyumbani. Kwa watu kama hao, kumtetea Papa kulikuwa sawa na kumtetea baba mzazi.

Mwaka 1860 wanaharakati wa kuiunganisha Italia walianza kuyachukua majimbo ya Papa moja baada ya jingine. Vijana Wakatoliki kutoka Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Ireland na hata Kanada walijitolea kwenda Roma kupigana upande wa Papa, wengi wao katika kikosi kilichokuja kuitwa Wazuavu wa Papa. Joubert alikuwa na miaka 18 alipojiunga. Tarehe 18 Septemba mwaka huo huo alikuwa katika vita vya Castelfidardo, ambako jeshi dogo la Papa lilishindwa vibaya, naye akajeruhiwa.

Hakukata tamaa. Alibaki na Wazuavu kwa miaka kumi, akapanda cheo hadi kuwa kapteni. Mwaka 1867 jeshi la Papa lilipata ushindi huko Mentana kwa msaada wa Wafaransa, lakini ulikuwa ushindi wa kuchelewesha tu. Mwaka 1870 Ufaransa iliingia vitani na Wajerumani ikawaondoa askari wake Roma. Tarehe 20 Septemba 1870 mizinga ya mfalme wa Italia ilitoboa ukuta karibu na lango la Porta Pia. Pio IX hakutaka watu wafe bure. Aliamuru upinzani uwe wa kutosha tu kuonyesha dunia kwamba mji umechukuliwa kwa nguvu, kisha bendera nyeupe ipandishwe. Siku iliyofuata Wazuavu walipewa baraka ya mwisho na Papa, wakatawanywa na kurudishwa makwao.

Na lile jumba? Papa alikataa kutoa funguo za Quirinale. Watu wa mfalme wakamwita fundi wa vitasa, milango ikafunguliwa, na mfalme wa Italia akahamia humo. Leo ndiyo ikulu ya rais wa Jamhuri ya Italia. Pio IX na waliomfuata walijifungia Vatikani kama wafungwa mpaka mkataba wa Laterano wa mwaka 1929.

Fikiria hali ya kapteni mwenye miaka 28 anayerudi kijijini kwao. Ametoa miaka kumi ya ujana, ameona rafiki wakifa, na kitu alichoapa kukilinda kimechukuliwa mchana kweupe. Wengine wangesema Mungu amewaacha. Joubert alirudi nyumbani, akasubiri.

Sauti kutoka Algeria

Wakati huo, Askofu Mkuu wa Algeri alikuwa Charles Lavigerie. Mwaka 1868 alianzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao sisi tumewazoea kwa jina la Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Mwaka 1878 Papa Leo XIII aliwakabidhi utume wa eneo la maziwa makuu. Mwaka huo huo msafara wa kwanza uliondoka Bagamoyo. Padre Joachim Pascal alifariki njiani kabla ya kufika. Waliobaki walifika Unyanyembe, na hapo hapo Tabora wakagawanyika: kundi moja likashika njia ya kaskazini kwenda Nyanza na Buganda, jingine likaelekea Ujiji, ambako lilifika mwanzoni mwa mwaka 1879.

Tusisahau safari hizo zilivyokuwa. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni kama kilomita 800, na msafara ulitumia karibu miezi mitatu kwa miguu. Kutoka Tabora hadi Ujiji ilikuwa karibu mwezi mwingine. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kama kilo 30 begani, mbali na chakula chake na sufuria. Bila mabega ya babu zetu hao hakuna padre ambaye angefika ziwani, wala kengele, wala kitabu cha misa. Hongo ililipwa kwa kila mtemi, Ugogo hasa. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa na uwezo wa kufunga njia ya Ujiji akitaka, na Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa na mvutano wake mwenyewe na Waarabu wa Tabora.

Lavigerie aliona mapadre wake wanakufa kwa homa, na wengine kwa mkuki. Akafikiria wale askari wa zamani wa Papa waliokuwa wamekaa tu makwao Ulaya. Akawaomba waje kusindikiza misafara na kulinda misheni. Wachache waliitika. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge katika Burundi ya leo, mapadre wawili, Deniaud na Augier, waliuawa pamoja na msaidizi wao mlei D'Hoop, ambaye alikuwa mmoja wa askari hao. Walikuwa wamekwenda kumtetea mtoto aliyekuwa chini ya ulinzi wa misheni.

Joubert aliingia safarini mwaka 1880 pamoja na msafara wa tatu. Akapita Zanzibar, Bagamoyo, Ugogo, Unyanyembe, akafika ziwani. Miaka yake ya kwanza aliitumia zaidi katika misheni za upande wa magharibi wa ziwa, kama Masanze na Kibanga, akijenga boma na kuwafundisha watu kulilinda. Mwaka 1885 alirudi Ulaya. Angeweza kubaki huko, maana alikuwa na miaka 43 na afya yake ilikuwa imechakaa. Lakini mwaka 1886 alijitoa tena kwa Lavigerie, akaipita njia ya Tabora kwa mara nyingine, na mwezi Novemba akawa Karema. Tangu hapo hakuiona Ulaya tena.

Karema na Mpala: ngome zinakuwa misheni

Wakati huo jambo la pekee lilikuwa limetokea. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa ametuma maofisa kujenga vituo ziwani. Kapteni Cambier alijenga ngome Karema mwaka 1879. Luteni Storms akavuka ziwa akajenga nyingine Mpala mwaka 1883. Mfalme alipoona kwamba faida yake ingetoka upande wa mto Kongo, alivitoa vituo hivyo viwili kwa Mapadre Weupe mwaka 1885.

Kwa hiyo Karema, nyumba ya askari ikawa nyumba ya mapadre, na baadaye makao ya maaskofu. Jean-Baptiste Charbonnier, aliyewekwa wakfu hapa Kipalapala mwaka 1887 kwa mikono ya Askofu Livinhac, alikwenda kuishi Karema akafariki huko mwaka uliofuata. Askofu Lechaptois aliishi huko kwa muda mrefu zaidi, akafariki mwaka 1917. Katika Karema hiyo hiyo alitumikia Adrian Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto katika nchi za mto Niger, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawatibu watu mpaka kifo chake mwaka 1956. Watu wa Mpanda na Karema hawahitaji kuelezwa habari za Dakta Atiman.

Tazama mfanano, mpendwa msomaji. Kule Roma, jumba la Papa liligeuka makao ya mfalme mwaka 1870. Huku Karema, ngome ya mfalme iligeuka makao ya askofu miaka kumi na mitano baadaye. Lakini tofauti yake ni kubwa. Quirinale ilikuwa ya marumaru na michoro. Karema ilikuwa ya matofali ya udongo, yenye mchwa na homa, na askofu wa kwanza aliyehamia humo hakumaliza mwaka.

Mpala ndiko Joubert alikopelekwa, akafika mwezi Machi 1887. Alikabidhiwa ulinzi wa eneo hilo. Lavigerie alikuwa na ndoto ya kuona nchi ya Kikristo katikati ya Afrika, yenye kiongozi Mkristo atakayewalinda wanyonge, na Joubert alionekana kufaa kazi hiyo.

Adui alikuwa nani

Hapa inabidi tuseme kwa uangalifu, maana tunaishi Tabora pamoja na ndugu Waislamu na historia hii imewahi kusimuliwa kwa namna ya kuumiza. Biashara ya watumwa haikuwa kazi ya dini moja wala kabila moja. Wafanyabiashara wenye asili ya Kiarabu na Waswahili wa pwani walikuwa mstari wa mbele, na kule ziwani mkubwa wao aliitwa Rumaliza, jina lake halisi Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mwenye makao Ujiji. Lakini walikuwepo watemi wa bara waliouza watu wao na watu wa jirani. Walikuwepo wenye mashamba ya karafuu Zanzibar waliohitaji vibarua wasiolipwa. Na walikuwepo wanunuzi wa pembe za ndovu Ulaya na Marekani, waliotaka vibao vya piano na mipira ya biliadi bila kuuliza zimefikaje. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa na Sultani Barghash mwaka 1873, ila bara biashara iliendelea.

Kilichotokea katika milima ya Marungu, nyuma ya Mpala, ni kwamba vikundi vyenye bunduki vilizunguka vikichoma vijiji, vikiua wazee na kuwafunga minyororo wanawake na watoto. Watu walikimbia. Wakasikia kwamba huko ufukweni kuna boma ambalo mkimbizi harudishwi. Wakaja.

Joubert aliwafundisha vijana wa Mpala kutumia bunduki, akaweka walinzi, akafuatilia wavamizi na mara kadhaa akawanyang'anya mateka. Siku za kawaida alikuwa mwamuzi wa kesi, alitibu vidonda, alifundisha katekisimu, alisali rozari na watu. Baadaye alihama Mpala akaanzisha kijiji chake, Mtakatifu Ludoviko wa Mrumbi, umbali fulani kutoka nyumba ya mapadre.

Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya, Paris na London na kwingineko, akihubiri dhidi ya utumwa, baada ya Papa Leo XIII kutoa waraka juu ya jambo hilo mwezi Mei mwaka huo. Wabelgiji wakaunda chama na kutuma vikosi. Kwa muda wote huo Joubert alikuwa na watu wachache na risasi chache, na mara nyingine aliishi kwa kuzingirwa. Mwezi Oktoba 1891 Kapteni Jacques alifika Mpala na msaada wa kwanza kutoka Ubelgiji. Vita na watu wa Rumaliza viliendelea hadi mwaka 1894, nguvu yake ilipovunjika. Lavigerie hakuiona siku hiyo, kwani alifariki mwezi Novemba 1892.

Ndoa ya kapteni

Mwaka 1888, mwezi Februari, Joubert alifunga ndoa kanisani na Agnes Atakaye, binti Mkristo wa Mpala. Yeye alikuwa na karibu miaka 46.

Kwa macho ya leo hilo si ajabu. Kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa. Wazungu wengi waliokuja Afrika walichukua wanawake bila ndoa, kisha wakawaacha na watoto wao waliporudi kwao. Joubert hakutaka hivyo. Alimpa Agnes jina lake na sakramenti, akakaa naye mpaka kufa. Walipata watoto wengi, wakawalea kama Wakristo wa nchi ile ile, si kama wageni wanaosubiri meli.

Naona kwamba hapa ndipo Joubert alipovuka mpaka ambao askari mwingine asingeuvuka. Mlinzi anaweza kuwapenda anaowalinda na bado akabaki nje yao, juu ya ukuta, akiwatazama. Mwenye mke, mashemeji na watoto wa hapo hapo hawezi tena kubaki nje.

Je, alikuwa na haki ya kubeba silaha?

Sasa turudi kwenye swali letu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba vita vya haki vinahitaji mambo matatu: mamlaka halali inayoviamuru, sababu ya haki, na nia njema ya wanaopigana. Tumpime Joubert kwa vipimo hivyo.

Juu ya sababu, sidhani kuna ubishi. Kumtetea mtoto asiuzwe ni sababu ya haki kama ipo yoyote duniani.

Juu ya nia, ushahidi wake ni maisha yake. Hakutajirika kwa pembe za ndovu, ingawa alikaa mahali ambapo wengine walitajirika. Hakurudi Ulaya kupokea sifa.

Ugumu uko kwenye mamlaka. Nani alimpa Joubert haki ya kuamuru watu wa Marungu? Kardinali wa Algeri hakuwa mtawala wa nchi hiyo. Watu walikuwa na machifu wao. Tena boma lile la Mpala halikupatikana kwa upole. Storms, aliyelijenga, aliwalazimisha machifu wamtii, na mwishoni mwa mwaka 1884 watu wake walimuua chifu Lusinga, naye Storms akachukua fuvu la kichwa chake hadi Ubelgiji. Ni kweli kwamba Lusinga mwenyewe aliwinda na kuuza watu. Hata hivyo hakuna sheria ya Mungu inayoruhusu kichwa cha binadamu kifanywe kumbukumbu ya safari. Joubert na mapadre walirithi utii uliojengwa juu ya hofu hiyo.

Zaidi ya hayo, milango iliyofunguliwa dhidi ya wauza watumwa ndiyo iliyopitiwa na Dola ya Kongo ya Leopold II, ambayo mpaka mwaka 1908 iliwatesa watu wa Kongo kwa ajili ya mpira na pembe. Huku kwetu pia Wajerumani walitumia habari za utumwa kama sababu ya kuja, kisha mwaka 1893 wakamzingira Mtemi Isike ndani ya boma lake hapa Tabora mpaka akajilipua kwa baruti asikamatwe.

Kwa hiyo nadhani tunapaswa kutenganisha mambo mawili. Kumkinga asiye na hatia ni wajibu wa yeyote mwenye uwezo, na mkimbizi aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe hadi kwenye lango la boma alikuwa amempa Joubert mamlaka ya kutosha kwa kazi hiyo. Kuwatawala watu ni jambo jingine, na kwa hilo ndoto ya Lavigerie ya nchi ya Kikristo yenye kapteni wake ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Ilikuwa ni Quirinale nyingine inayotaka kujengwa kwa udongo. Historia haikuiruhusu, na sioni kwamba Kanisa lilipata hasara.

Wapo ndugu zangu mafrateri watakaosema ni rahisi kusema hivyo leo, wakati hakuna anayechoma vijiji vyetu. Nakubali kwamba ni rahisi. Ndiyo maana simhukumu Joubert. Natenganisha tu tendo lake na mpango uliolizunguka.

Uzee na mavuno

Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilijiimarisha na Joubert hakuhitajika tena kama mlinzi. Alirudi kuwa mtu wa kijiji, mkulima, katekista na baba wa familia. Kisha ukaja ugonjwa wa malale uliowaua watu wengi kandokando ya ziwa. Kuanzia mwaka 1910 alihama na watu wake kwenda juu, eneo la Moba, akaanza tena kijiji kingine huko Misembe akiwa na karibu miaka 70. Macho yake yalififia mpaka akawa kipofu.

Lakini kabla ya kufa kwake lilitokea jambo ambalo lazima tulitaje katika gazeti la seminari. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ambako leo panaitwa Kirungu, Askofu Victor Roelens alimpa daraja ya upadre Stefano Kaoze, padre wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi. Kaoze alizaliwa kama mwaka 1886 katika milima ile ile ya Marungu, miaka ile ile ambayo vikundi vya wauza watumwa vilikuwa vikizunguka humo. Mtoto kama yeye angeweza kuishia katika mnyororo wa msafara unaoelekea Ujiji, na kutoka Ujiji kupita hapa Unyanyembe kwenda pwani. Badala yake alisoma Kilatini, falsafa na teolojia, akasimama altareni.

Kapteni Joubert alifariki tarehe 27 Mei 1927 akiwa na miaka 85. Alikuwa ameishi Afrika karibu nusu karne.

Kwetu sisi

Mpendwa msomaji, tunajifunza nini?

Kwanza, nafasi ya mlei. Joubert hakuwa padre, na hakuna anayeweza kusema alifanya kidogo kwa sababu hiyo. Katika parokia zetu bado tuna tabia ya kungoja padre afanye kila kitu, na sisi waseminari mara nyingine tunajiona kana kwamba utume unaanza siku ya kupewa daraja. Sivyo.

Pili, kushindwa. Aliyeshindwa Castelfidardo na Roma hakuacha kutumika. Alibadilisha mahali. Frateri anayeambiwa na walezi kwamba wito wake si upadre, au mzazi aliyeona mpango wake wa maisha ukivunjika, wanaweza kumkumbuka kapteni huyu aliyekaa miaka kumi kijijini kabla ya kuitwa tena.

Tatu, majengo. Tunachangishana kujenga makanisa, nyumba za mapadre na seminari, nasi tunafanya vizuri. Paa linalovuja halimsaidii mtu kusali. Lakini tukumbuke kwamba jumba la Quirinale lilijengwa na mafundi bora wa Ulaya na likachukuliwa kwa fundi mmoja wa vitasa, wala imani ya watu haikuondoka na funguo. Imani ya Mpala ilibaki kwa sababu ya watu waliokimbilia humo, wakafundishwa, wakaoana, wakazaa, na watoto wao wakafundisha wengine.

Mwisho, nawaomba tuwakumbuke katika sala zetu wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo ya misafara ile na kufa njiani bila jina kuandikwa popote, pamoja na watumwa wote waliopita chini ya miembe yetu wakiwa wamefungwa. Raha ya milele uwape, ee Bwana.